Mkoba wa tanga kutoka Lamu: miezi kumi na minane begani, na karakana iliyoushona

Nimechelewa kuandika hii makusudi, nlitaka kwanza mkoba wenyewe upigwe na jua, chumvi na vumbi la safari ndio niseme, manake kusifia kitu kikiwa kipya dukani kila mtu anaweza. Sasa umefika miezi kumi na minane begani mwangu, umebeba chupa za achari, umebeba mchele na nazi za nyumbani, umelowa maji ya bahari mara tatu kwenye boti ya Mokowe, na mshono haujaachia. Hata mmoja. Kwa hivyo leo naandika na itakuwa ndefu, sababu siandiki mkoba peke yake, naandika na pale uliposhonwa, nimekuja kuona kwamba ukisema uzuri wa mkoba bila kusema ile karakana imesimama vipi miaka yote hii umesema nusu.

Kwa wasiojua, Lamu kuna mafundi wanaonunua matanga makuukuu ya majahazi na mashua, yale yaliyochoshwa na upepo, wanayafua wanayakata wanashona mikoba. Wako Shela, wako mjini. Huyu wangu yuko mjini, kichochoro cha pili ukitoka barabara ya pwani, na kaniambia wazi hataki jina lake mitandaoni, kwa hivyo nitamwita fundi tu. Ukishuka gatini ukauliza fundi wa matanga mwenye cherehani mbili za miguu utaonyeshwa.

Mkoba nliochukua ni ule wa kati, shilingi 2,800. Kitambaa ni marudufu ya tanga la kweli, si turubai jipya lililochakazwa lionekane la zamani, manake hiyo biashara ipo pia na nimeshauziwa mara moja, sitaji duka. La kweli unalijua. Rangi yake haiko sawa, upande mmoja umeiva hudhurungi kidogo pale kamba ilipokuwa ikisugua, upande mwingine umebaki kama maziwa yaliyoingia chai. Wangu una kiraka cha zamani mraba, kiraka ambacho baharia alikitia tanga lingali kazini, na fundi hakukibandua, alikata kitambaa hivi kwamba kile kiraka kikaja kukaa kwenye mfuko wa mbele. Ndani katia bafta nyeupe. Ukiunusa siku ya kwanza kuna harufu ya chumvi na moshi, mimi nliipenda, dada yangu alisema unanuka chombo, baada ya wiki tatu hivi ikaisha.

Lakini angalia mshono, hapo ndio mambo yote. Pindo limekunjwa mara mbili, uzi umepakwa nta ya nyuki, na mshono umepita mistari miwili sambamba kisha pale mkanda unaposhikana na mkoba kaacha cherehani kabisa kashona kwa mkono, sindano nene, pigo kwa pigo, kila pigo kalivuta hadi uzi ukazama ndani ya kitambaa. Nlikaa pale nikimtazama, pembe moja tu ilimchukua karibu robo saa. Nikamuuliza ami, mbona usipige cherehani tu ukaokoa wakati, akaniambia mwanangu, mimi hivi ndivyo nnavyoshona pembe ya tanga, na pembe ya tanga ikiachia huko nje ya Kiwayu kuna watu chomboni. Mkono ushazoea, haujui kushona nusunusu kwa ajili ya mkoba.

Hilo neno ndilo lililonifanya nirudi tena na tena. Mimi nafanya achari, ya maembe na ya ndimu, nyumbani Malindi, na mwaka 2020 biashara yangu ilikaribia kufa kabisa. Nlikuwa nauzia mahoteli. Mahoteli tu. Hoteli moja peke yake, naiacha bila jina, ilikuwa inachukua zaidi ya nusu ya chupa zangu na inalipa baada ya siku sitini, nami nlijiona nimefika. Corona ilipokuja Machi na ndege za nje zikasimamishwa, hoteli ilifungwa na deni langu likafungwa nayo ndani. Nimekaa na mapipa mawili ya achari na mkopo. Kwa hivyo nlipomuona huyu mzee anashona mikoba ya watalii, Lamu, mahali ambapo utalii umevunjika mara ngapi sijui, na karakana yake iko wazi na vijana wawili wanafanya kazi, nlitaka kujua kwa roho yangu yote. Nikamuuliza umewezaje.

Hakunijibu kwa maneno mengi, alitoa madaftari. Anayo tangu zamani, yale magumu ya jalada jekundu, na anaandika kwa kalamu mbili, bluu ni kazi za watu wa hapa, nyekundu ni mikoba ya wageni. Akanifungulia miaka anayoikumbuka yeye mwenyewe bila kuangalia.

2011 kwanza. Septemba wageni walivamiwa Kiwayu, na tarehe 1 Oktoba mama Mfaransa akatekwa Manda, na nchi nyingi zikawaambia watu wao wasije. Kwenye daftari, kalamu nyekundu inakatika hapohapo, Oktoba yote, Novemba yote, Disemba ambayo ndio msimu wenyewe kuna mistari minne. Lakini bluu inaendelea kama kawaida, tanga la mtu wa Matondoni, viraka vya mashua ya Kizingitini, mito ya baraza ya nyumba fulani. Hapo nikaelewa. Huyu si fundi wa mikoba anayeshona matanga kwa kujifurahisha, ni fundi wa matanga ambaye mikoba ni ziada juu. Wageni wakija anakula vizuri, wasipokuja anakula.

Na hata majira yanamsaidia, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kusi kikichacha, kuanzia kama Mei, watalii hakuna, nyumba nyingi za wageni zimefungwa, na wakati huohuo bahari imechafuka na vyombo vingine vimepandishwa pwani kukalafatiwa, ndipo matanga yanapoletwa yatiwe viraka. Kaskazi ikiingia vyombo viko baharini na wageni wamefika. Kazi moja inalala nyingine inaamka. Kuna na oda za msimu, mashindano ya majahazi, halafu Mfungo Sita wakati wa Maulidi ambapo mji unajaa watu kutoka pwani nzima na hao wananunua mifuko ya bei ndogo, ya miasala na juzuu, si ile ya 2,800.

Sasa 2014 ilikuwa mtihani mwingine, na hii ndio sehemu nlimheshimu zaidi manake alikiri kwamba hesabu yake ilivunjika. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni ikaja kafyu ya usiku kaunti nzima, na uvuvi wa usiku ukakatazwa. Mvuvi asipotoka usiku hana pesa, asipokuwa na pesa tanga lake atalifunga kwa uzi wa nyavu aende hivyohivyo. Kwa hivyo nyekundu ilikufa na bluu ikakonda, miguu yote miwili. Mafundi wengine walifunga wakaenda Mombasa. Yeye alitazama nje mlangoni kuna nini bado kinatembea, akaona punda. Lamu vichochoro ni vyembamba, mchanga, mawe, saruji, maji, kila kitu ni punda, na punda hangojei mtalii. Akaanza kushona shogi, zile zinazoning'inia ubavuni mwa punda kubebea mchanga, kwa mabaki ya turubai na magunia, akatia ukanda mpana wa kitambaa laini pale panapogusa ngozi ili mnyama asichubuke. Wenye punda walikuwa wanalalamika shogi zao za kawaida zinaoza, hizi zikakaa. Faida yake ndogo sana, alinionyesha, lakini mistari ya bluu ikajaa tena ukurasa mzima, vitu vidogovidogo vya kila siku. Na mpaka leo anashona, nlikuta nne zimetundikwa ukutani pamoja na mikoba, mtalii mmoja alitaka kununua moja aende akatie kuni.

2017 nitapita haraka, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti alikuwa na gunia zima la vipande visivyotosha mkoba, akashona vifuko vya sokoni, mwezi ule aliuza vingi kuliko vitu vyake vyote. Bahati ndio, lakini vipande alikuwa navyo sababu hatupi kitu. Mabaki ya mkoba mkubwa yanakuwa mkoba mdogo, ya mdogo yanakuwa kifuko cha penseli, na vinavyobaki kabisa anavisokota vinakuwa kamba ya kufungia.

Na 2020. Mimi nkiwa nalia na mapipa yangu yeye alikuwa na bafta, ile ya kutia ndani ya mikoba, majora mawili ameyanunua taslimu msimu wa Disemba uliokuwa mzuri. Aprili barakoa zikawa lazima, na barakoa za duka ziliadimika na bei yake mnakumbuka. Siku tatu, kaniambia, siku tatu ndizo zilizompita toka kusikia tangazo hadi kushona ya kwanza, bafta ndani, kikoi nje, shilingi hamsini. Maduka ya mjini yakachukua, wenye boti wakachukua manake abiria bila barakoa hapandi. Watu walikuwa wanamlipa kwa M-Pesa, na mwaka ule kutuma chini ya elfu moja ilikuwa bure hadi Disemba, kwa hivyo hata mtu wa barakoa mbili alituma. Hakutajirika. Ila wale vijana wawili hakuwafukuza, aliwaambia mtakuja siku tatu tatu kwa zamu, kilichopo tutagawana, na akina mama wanaomshonea mikanda majumbani kwa kipande aliwapa barakoa badala ya mikanda. Nikamuuliza si ungebaki peke yako upunguze gharama, akasema kijana kumfunza kushona pembe ni miaka miwili, nikimwacha aende wageni wakirudi nianze na nani. Na kweli waliporudi wale walioachisha watu walihangaika kutafuta mikono, yeye mikono alikuwa nayo.

Nlipokuwa nimekaa pale nikakumbuka ule uchunguzi wa biashara ndogo wa KNBS, shirika la takwimu la serikali, wa mwaka 2016, uliosema Kenya ina biashara ndogo na za kati kama milioni 7.4 na kwamba milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa ndani ya miaka mitano. Milioni mbili. Kila mmoja ni mtu kama mimi na mapipa yake. Na nyingi hazikufungwa kwa kutengeneza vitu vibaya, achari yangu haikuwa mbaya, zilifungwa kwa pesa ya kuzungusha kukatika.

Ndio maana nlimbana sana kwenye pesa. Hana mkopo wa benki, kwanza kwa dini yake hataki riba, pili anasema deni halijui kusi na kaskazi, linataka kila mwezi sawa na pato lake haliji kila mwezi sawa. Cherehani zake ni Singer za miguu, moja alirithi, umeme ukikatika hajui habari. Akitaka kununua kitu kikubwa anangojea zamu yake ya upatu. Oda yoyote ya hoteli, hata iwe mito hamsini, nusu mbele na nusu siku ya kuchukua, asiyetaka aende kwa mwingine, na wako walioenda. Na hakubali mteja mmoja achukue zaidi ya robo ya kazi yake ya mwezi. Hii nliisikia mwili ukanisisimka. Kuna nyumba ya wageni ilitaka kuchukua mikoba yake yote, kila mwezi, bei nzuri, akakataa akawapa kumi. Mimi ningekubali, nliwahi kukubali.

Kuna na hili la mafuta, nliongeze. Septemba 2023 petroli ilipopita shilingi mia mbili sote tulilia, achari yangu kufika Lamu gharama zilipanda. Kwake wavuvi wenye mashine walianza kuja kutaka matanga, ati wazime mashine wakirudi na upepo. Vijana waliosema tanga ni mambo ya babu zao. Vitu alivyokuwa ananunua kutoka nje, zipu, uzi wa nailoni, vilipanda bei shilingi yetu ilipoanguka hadi karibu 160 kwa dola mwanzo wa 2024, lakini malighafi yake kubwa, lile tanga kuukuu, ananunua kwa baharia jirani yake kwa shilingi au anabadilishana kwa kutia viraka tanga jipya. Dola haihusiki.

Basi nimesifu, sasa mabaya, manake yapo.

Anachelewa. Aliniambia wiki mbili, ikawa wiki tano, na hakunipigia simu kunieleza mpaka nilipopiga mimi. Tanga la mvuvi likiingia mkoba wako unawekwa kando, na ukishaelewa anavyoishi unaelewa kwa nini, lakini mtu aliyetoka Malindi kwa basi akavuka na boti akaambiwa haujaisha atakasirika na ana haki. Mpigie siku moja kabla ya kusafiri.

Zipu ya kwanza ilikufa baada ya miezi minne, meno yaliliwa na chumvi. Alisema zilikuwa za kundi bovu alilouziwa Mombasa, akanibadilishia bure na kutia ya plastiki nene, hii ya sasa haina shida. Lakini bizimu ya mkanda bado ni chuma na imeanza kutu pembeni, naifuta mafuta ya nazi kila wiki. Nilimwambia atafute za shaba, akasema shaba itapandisha mkoba shilingi mia tatu. Mimi ningelipa.

Mfuko wa simu ndani ni mdogo, umepimwa kwa simu za zamani. Na picha za wasap anazotuma hazionyeshi rangi vizuri, anapiga ndani ya karakana ambamo ni giza, mwambie atoe nje uchochoroni kwenye mwanga. Kila mkoba uko tofauti sababu kila tanga liko tofauti, ukitaka fanana na wa rafiki yako hutapata.

Bei: mkubwa wa safari 4,500, wa kati 2,800, begi la shule 900 na hilo si tanga ni turubai jipya, ila mshono ni uleule na nimemnunulia mpwa wangu, anaburuta chini kila siku. Kifuko cha sokoni 250. Kutia kiraka au kubadilisha mkanda, hata kama mkoba hukununua kwake, mia au mia mbili, na hii kazi ya viraka haidharau kabisa, daftari limejaa viraka. Kupatana bei kunaruhusiwa kidogo, ukizungumza naye kwa adabu, umwamkie, usiingie na simu mkononi ukipiga picha kabla ya salamu. Niliona mgeni mmoja amefanya hivyo, fundi akaendelea kushona kama hakumwona.

Usichukue ule mweupe wa bei ya chini karibu na mlango. Ni marudufu mapya hayajawahi kuona bahari, yanaingia madoa haraka, nafikiri anaweka kwa ajili ya watu wanaotaka kitu kisafi. Chukua wenye kiraka.

Mimi nyumbani nimenunua daftari la jalada jekundu na kalamu mbili. Bluu ni majirani na maduka ya Malindi, chupa ndogo za shilingi themanini ambazo zamani nlikuwa naona aibu kuziuza, nyekundu ni mahoteli, nusu mbele. Mwezi uliopita bluu ilikuwa na mistari sitini na mmoja. Na nimeagiza mkoba wa pili, mkubwa, wenye vyumba vya chupa kumi na mbili, nimelipa nusu. Ameniambia wiki mbili. Nimeandika tano.